Wimbo wa Kwanza wa Mwaka

Juzi, kwenye mapokezi ya redio moja hapa Lubumbashi, papa mmoja, mzee mwenye suti, aligonga kaunta kwa pete yake. Wimbo uliochaguliwa kwa kura za wasikilizaji kuwa wa kwanza mwaka huu, kama nyimbo nyingi za kwetu, unamalizikia kwa majina ya waliomlipa mwimbaji.

"Kila siku munakataka wimbo katikati, mbele jina yangu isikike!"

"Pole, papa, saa ya habari inafikaka," alijibu dada wa mapokezi.

"Na miye, bibi yangu na batoto bote tuliuchagua!"

"Kumbe munaupenda sana! Mutuimbie kidogo."

Papa alitazama dari, akakohoa, kisha akaimba jina lake, mara mbili, kwa sauti nzuri kweli.

Majina ndani ya wimbo ule ni mengi. Sasa najua kura zilitoka wapi.