Presha Isiyosikia Dawa

Mwalimu Luhaga alifundisha michezo chuoni Butimba hadi alipostaafu, na hata baada ya kuvuka umri wa miaka sabini alikuwa akienda sokoni kwa miguu. Kwa hiyo presha ilipompanda, aliona kama imekosea nyumba. Alianzishiwa dawa moja, ikaongezwa ya pili, kisha ya tatu. Presha haikutikisika.

"Unazitupa," mkewe Selina alimwambia.

"Selina, nazimeza!"

Hakumwamini. Kila asubuhi akawa anamsimamia mezani mpaka ameze. Presha ikabaki palepale, na miguu ikaanza kuvimba. Selina akaacha kugomba, sasa aliogopa.

Walikwenda wote hospitali. Daktari Nice, binti wa Kihaya, aliwaamkia, akamlaza mzee kitandani na kumsikiliza kifua, kisha tumbo. Akarudia kusikiliza tumbo. "Damu inavuma hapa," alisema, akampeleka kupigwa picha ya tumbo. Figo ya kushoto ilikuwa imesinyaa.

"Figo na presha wapi na wapi?" Luhaga aliuliza.

"Unavuta sigara, Mwalimu?"

"Kidogo tu. Tangu ujana."

"Mshipa unaopeleka damu kwenye figo umeganda mafuta ndani, taratibu, kwa miaka mingi, ndiyo maana hukusikia maumivu. Sasa njia ni nyembamba. Figo ikipata damu kidogo inadhani presha ya mwili mzima imeshuka, inaamrisha ipande. Tukiiacha hivyo itazidi kusinyaa."

"Kwa hiyo nipasuliwe?"

"Si lazima. Wengi wanatulia kwa dawa. Nitakubadilishia, nitaongeza ya kupunguza mafuta, na tutapima damu mara kwa mara tuone figo inaendaje. Sigara uiache leo."

Walipotoka nje Selina alimshika mkono. "Kumbe nilikuwa nakusingizia, Baba Rebeka. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila kesho nitameza mwenyewe."

Sigara ilimtesa kuliko ugonjwa. Alitafuna karanga, alinuna, siku moja akaomba moja kwa jirani, akajuta, akaanza upya. Miezi ilivyopita presha ilishuka, uvimbe ukaisha. Picha ya mwaka uliofuata ilionyesha figo haijasinyaa zaidi.

"Haitarudia ukubwa wake," Daktari Nice alisema, "lakini inafanya kazi, na ile ya kulia ni nzima."

Pasaka walivuka kwa kivuko hadi Kamanga, kwa binti yao Rebeka. Aliwapikia samaki, sato wa limau na nyanya, chumvi kidogo sana. Luhaga alionja, akamtazama mkewe, akasogeza sahani aongezewe samaki.