Filimbi ya Baba Iko Shingoni kwa Binamu Yangu

Bwana mhariri, naomba ulifiche jina langu. Wakubwa mnaousoma ukurasa huu, na ninyi mnaosomewa, shikamooni. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, kwetu ni mlimani Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Kwa masista nimejifunza kusoma Kiswahili na Kidachi, lugha ya Wajerumani. Ila kusema mbele za watu siwezi. Wakiwa watatu tu naangalia chini. Ndiyo maana naandika.

Baba yangu alikuwa askari wa serikali, akatoka na cheo cha shaushi na mguu mmoja mbovu. Wenzake aliotoka nao wanakunywa pombe na kusimulia vita. Yeye alianza biashara ya mboga, akaiendesha kama kampani ya askari. Alfajiri filimbi inalia, wapagazi wanasimama mstari, kila kikapu kinakaguliwa kamba. Filimbi ya pili, safari. Hakuna kutangulia, hakuna kubaki nyuma, kwa sababu vitani alimpoteza mwenzake aliyekuwa mwisho wa msururu, ambaye aliita asisikike. Basi kabichi zetu hufika stesheni zingali na umande. Mhindi mwenye duka hucheka: "Shaushi, hata karoti zako zinapiga saluti!"

Mguu sasa umemshinda. Kwetu Waluguru mali ya mtu humwendea mpwa wake, mtoto wa dada yake, lakini baba siku zote alisema, "Kampani haina ukoo. Filimbi ataivaa anayeiweza." Nikaamini ni mimi. Nani anayemsemea kwa Wadachi? Nani anayejua kila jiko la Mzungu linataka nini? Siku ya kuikabidhi filimbi alitupanga uani, akaivua, akamvika mpwa wake. Nitamwita Gaspari, si jina lake. Hajui hata herufi moja.

Nililia jikoni. Baba akaja akichechemea. "Mwanangu, si mambo ya ukoo. Sauti yako haifiki mwisho wa msururu."

Afadhali angesema ni ukoo.

Tangu hapo filimbi ikilia asubuhi nang'ata upindo wa kanga. Gaspari akicheka nayachukia hata meno yake. Na kinachoniumiza zaidi, si mtu mbaya. Njia ikiwa na utelezi hunibebea kikapu, hunitania kama mabinamu wanavyotaniana: "Mke wangu, zisemeshe kabichi Kidachi, labda zitashuka zenyewe!" Wote hucheka, na baba naye.

Sasa jambo lenyewe. Majuzi tulipeleka mboga bomani. Ofisa mmoja mgeni, asiyejua Kiswahili bado, alimwona Gaspari akipiga filimbi, msururu mzima ukasimama kama mtu mmoja. Akaniita, akasema kwa Kidachi: "Mwambie baba yako namtaka kijana huyu awe askari. Nikirudi safari anipe jibu."

"Amesemaje?" Gaspari akauliza.

"Amesema kabichi ni nzuri."

"Maneno yote yale, kabichi tu? Ama Kidachi kina kazi!"

Nikimwambia baba, Gaspari atachukuliwa. Baba husema nguo ya askari aliyoivaa yeye inatosha kwa ukoo mzima, lakini ofisa akitaka, hawezi kukataa. Mpaka leo akimwona ofisa husimama wima, hata akiwa na kapu la mayai mkononi. Filimbi itarudi, labda nitavikwa mimi, na baba atakuwa amempoteza mtu wa pili. Nikinyamaza, ofisa atarudi na uongo wangu utajulikana. Tena sijui kama nanyamaza kwa huruma, au nasubiri tu moyo uwe mgumu nimuuze binamu yangu.

Msiniambie wivu ni dhambi, masista walishaniambia. Nipeni shauri kabla ofisa hajarudi. Ila muandike kwa uangalifu. Gazeti hili likifika kwetu, baba huketi akanyoosha mguu wake, na anayemsomea ni mimi. Hapo sauti yangu humfikia. Ukurasa huu niusome, au niuruke?