Shahidi wa Kendi

Chekeni mkitaka, lakini msiniambie niliota. Ilikuwa asubuhi, nilisimama pale kwa miguu yangu, na sikuwa nimeonja chochote isipokuwa chai.

Mjukuu wangu Kendi alisomea mambo ya wanyamapori. Masomo yaliisha, ikabaki miezi mitatu ya kufanya kazi kwa vitendo, hata ya kujitolea, ndiyo apewe cheti. Ungefikiri kazi ya bure ni rahisi kupata? Aliandika barua kila mahali. Wengine walinyamaza, wengine wakasema nafasi zimejaa. Muda aliopewa na chuo ukakaribia kuisha, na msichana akaanza kuacha chakula.

Halafu hifadhi moja huko juu Timau ikamtumia fomu. Ilitaka jina la shahidi, mtu aliyewahi kumwona akishughulika na wanyama. Kendi akaandika babu yake, M'Kiruja. Ni kweli, mzee wangu alilinda ua wa umeme wa kuzuia ndovu miaka mingi, na Kendi alimfuata nyuma tangu utotoni, wakikagua nyayo. Shida ilikuwa moja tu. M'Kiruja tulimzika miaka minne iliyopita, hapa Kiirua, kando ya shamba la viazi.

Aliponiambia, fomu ilikuwa imeshaenda.

"Kendi, babu yako amepumzika, na wewe umempa kazi?"

"Nyanya, hao watu huwa hawaulizi mashahidi."

Nikamwambia kesho yake tungeenda kusema ukweli. Alilia, maana alijua nafasi imekwenda. Lakini cheti cha uongo nyumbani kwangu hakiingii.

Tulifika kwenye lango la hifadhi, ukungu mzito kama uji. Kendi akabaki kwa mlinzi kuandika majina yetu, mimi nikatangulia. Kwenye nguzo ya ua alikuwa ameegemea mzee mwenye koti la kahawia, kifungo cha juu chekundu. Kifungo hicho nilikishona mimi, baada ya kile cha kahawia kupotea. Na koti hilo alizikwa nalo. Sasa niambie, ungefanya nini? Mimi nilishika nguzo iliyokuwa karibu. Nikasikia harufu ya ugoro wake.

"Mama Gitonga," akaniambia, kama mtu aliyetumwa dukani akarudi, "umechelewa. Nimeshamaliza."

Akacheka kile kicheko chake cha puani, akaufuata ua, ukungu ukamfunika. Nyasi zilijaa umande, wala hapakuwa na alama ya mguu. Kendi alipofika akaniuliza mbona nimeshika nguzo. Nikasema ni baridi.

Ofisini tulimkuta mama mchangamfu, Gacheri, msimamizi wa wanafunzi. Kabla sijafungua kinywa akatuambia shahidi ametoka hapo sasa hivi. Alikuja kwa miguu, hakugusa chai, na alimtajia ndovu wa upande ule kwa majina aliyowapa mwenyewe. Gacheri alikuwa ameyaandika, akatusomea. Kobia, mwenye pembe moja. Mutuma, anayeogopa mbwa. Kagwiria, mla viazi. Wote niliwajua. Halafu akasoma jina la mwisho, la ndovu jike mwenye sikio lililochanika.

Hilo silitaji hapa. Ni jina aliloniita M'Kiruja tukiwa wawili tu. Hata Kendi hakuwahi kulisikia. Miaka yote hiyo ya ndoa, kumbe jina langu alimgawia ndovu.

Hata hivyo nikasema nilichokuja kusema, kwamba mzee huyo ni marehemu. Gacheri akanitazama, akakitazama kikombe kilichojaa mezani, bado kikitoa mvuke.

"Nyanya," akasema, "mashahidi walio hai hawashiki hata simu. Huyu amekuja kwa miguu. Kendi aanze Jumatatu."

Cheti sasa kiko ukutani, na Kendi wamembakisha huko huko. Anasema asubuhi za ukungu husikia mtu akipiga chafya kule kwenye ua, na akienda haoni mtu.

Kwa hivyo wewe unayetafuta mahali pa kujitolea, nakuonya. Usiandike jina la marehemu kwenye fomu. Ukishindwa kabisa, nenda kwanza kaburini, umwambie siri zipi za nyumbani zisifike ofisini. Mimi sikumwambia. Juzi nilipomtembelea Kendi, nilimsikia mlinzi akilipaza lile jina langu kwenye redio, hifadhi nzima ikisikia, eti nimevunja ua na niko kwenye viazi vya watu.