Mwoka Mikate na Chatu wa Binti Yake

Kiwandani walimwita Bundi, na hata marehemu mke wake alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Tangu ujana wake alitoka kwenda kuoka mikate watu wakiwa kwenye usingizi mzito, akarudi jua limechomoza na nyusi zimejaa unga, akala, akalala. Watoto wa jirani walifunzwa kunyata wakipita dirishani kwake. Binti yake wa pekee alifunzwa hivyohivyo.

Binti alikua, akawa muuguzi kwenye kliniki ya meno na kupanga chumba mbali. Mama alipofariki alirudi nyumbani, baba asije akaishi kwa mkate na chai ya rangi. Alikuja na sanduku la kioo, na ndani yake chatu mdogo, mnene kama kifundo cha mkono, ambaye mfanyakazi mwenzake alimwachia alipohama.

"Huyu ana jina?" baba aliuliza kutoka mlangoni. Kizingiti hakukivuka.

"Fundo. Akiogopa anajikunja, anaficha kichwa katikati."

"Basi akae na fundo lake, na mimi nibaki na langu."

Fundo alishinda kutwa ndani ya chungu kilichovunjika ubavu, kilichofunikwa kifudifudi. Binti akirudi kazini alichungulia, akamkuta palepale alipomwacha asubuhi. Panya aliyewekewa hakumgusa. Binti akaingiwa na wasiwasi.

"Ana huzuni," alisema. "Amezoea giza mno. Lazima azoee watu."

Akakitoa chungu, akalisogeza sanduku sebuleni karibu na dirisha, na kila jioni akawa anampakata chatu wake na kumsemesha. Fundo alijikunja akawa kama mpira, kichwa hakionekani.

Bundi ndiye aliyeona yaliyotokea taa zikizimwa. Alipoamka kujiandaa na kazi, alimkuta chatu akizunguka kioo bila kupumzika, pua ikisukuma kila pembe, mpaka imeanza kuchubuka. Bundi hakuwa mtu wa nyoka. Lakini alizijua shida za kukosa pa kujisitiri: zamani, walipokuwa wakipanga ukuta kwa ukuta na jirani mwenye redio, alikuwa akilala mchana kichwa kimezongwa kanga ya mkewe. Akachukua boksi tupu la hamira, akalikata kijimlango, akapiga moyo konde, akaliingiza sandukuni kwa mwiko mrefu wa jikoni. Fundo alizama mle kama mkono unavyoingia mfukoni.

"Baba, nani kaweka boksi humu?" binti aliuliza asubuhi.

"Mimi. Alikuwa anatafuta pa kulala."

"Lakini akijificha hivi atakuwa anaumwa."

"Mwanangu, mimi nalala mchana tangu hujazaliwa. Kuna siku mliniitia daktari?"

Binti alicheka, ila moyo haukutulia, wakampeleka Fundo kwa daktari wa wanyama. Daktari, mama mpole mwenye miwani, alimpima uzito, akamfungua mdomo, akasikiliza pumzi.

"Mzima kabisa," alisema. "Porini hawa hukaa mashimoni na kwenye vichuguu, wanatoka giza likiingia. Kujificha kwake ndiyo afya. Ningeogopa kama angekoroma akipumua, akatoa ute mdomoni, au akakonda. Mpeni maficho mawili yanayombana vizuri, moja upande wenye joto, jingine upande wa baridi, asije akaacha joto kwa kutafuta usalama. Na mwacheni kwanza, msimshikeshike. Chakula atakitaka mwenyewe."

Wakafanya hivyo. Sanduku likahamia ukutani mwa korido, mbali na pitapita, na chungu kikarudishwa.

Siku moja binti alizinduka kwa mlio wa birika, baba akijitengenezea chai ya kuanzia kazi. Alivuta kigoda, akaketi naye taa ikiwa imefifizwa. Fundo alitoa kichwa kwanza, ulimi ukionja hewa, akangoja. Kisha mwili wote ukamiminika nje ya chungu. Alikunywa maji, akakwea kijiti, akawa anajinyoosha taratibu kama mtu aliyeamka vizuri.

"Kumbe hivi ndivyo alivyo," binti alinong'ona. "Baba, nilipokuwa mdogo nilidhani hunitaki. Kila nikitoka shule, mlango wako umefungwa."

Baba alikizungusha kikombe mikononi. "Kila nilipokuwa natoka, nilipitia kwako kwanza. Ulikuwa na tabia ya kulipiga shuka teke. Nakufunika. Mara nyingine unanishika kidole usingizini, hutaki kuachia, mimi nachelewa. Msimamizi akinifokea nasema nimekosa gari."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa umelala, mwanangu."

Binti alimwegemea begani, chai ikapoa.

Haukupita muda mrefu, Fundo akala. Binti aliliona kwa macho yake rukio la ghafla la kumkamata panya, baba akiwa keshatoka, na hakuweza kumngoja arudi. Alijitupia mtandio, akaenda mpaka kiwandani, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga maisha yake yote. Kulikuwa kunapambazuka. Alimkuta baba ameinamia meza ndefu, unga mpaka viwikoni, anakanda huku akiimba kwa sauti nene ambayo nyumbani haikuwahi kusikika.

"Bundi, una mgeni," mwenzake alisema.

Baba aligeuka. "Kuna nini?"

"Amekula," binti alisema.

Mzee alijifuta mikono, akamvutia gunia la unga akae, akaendelea kuimba.