Luteni Nassoro na Njia ya Kisimani

Siku ya kwanza nilipofika kikosi cha uhandisi, nikiwa koplo mgeni, Luteni Nassoro alitupanga mstari akauliza, "Nani hapa amewahi kujenga banda la kuku?" Wote wakacheka. Mie nikanyoosha mkono.

"Basi wewe utakuwa karibu yangu," akasema. "Daraja ni banda la kuku, ila kuku wake ni vifaru."

Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mtoto wa Temeke, babake Mwarabu mwenye duka la vitambaa. Nyumbani walimtaka akae dukani. Yeye akapenda nondo na zege.

Vita vya Kagera vilipoanza tukapelekwa mpakani. Kazi yetu masapa, yaani wahandisi wa medani, ilikuwa kulitangulia jeshi. Adui akivunja daraja, tunatandika la kuelea juu ya maboya. Akifukia mabomu, tunayategua. Chombo cha kutambua chuma kikilia, unalala kifudifudi na kuchokoa udongo kwa fimbo nyembamba, kimshazari, kwa sababu bomu la ardhini hulipuka likigandamizwa juu. Huko ndiko nilikojifunza subira.

Tulipomaliza kusafisha barabara ya kijiji kimoja, Meja, kamanda wetu, akaamuru tusonge mbele. Wakati huohuo akina mama waliokuwa wamekimbia vita walianza kurudi, ndoo kichwani, wakielekea kisimani.

"Afande, njia ile hatujaipima," Luteni akasema.

"Magari yanangoja, Luteni."

"Yaende, afande. Niachie watu wachache. Hawa wakifika kisimani kabla yetu, tutawazika."

Meja alimtazama, akatazama wale mama, kisha akasema, "Haya. Utatukuta mbele."

Tulitegua mabomu kadhaa. Karibu kabisa na kisima, Luteni akalala chini, akafukua kidogo. Kisha akasema bila kugeuka, "Koplo, rudisha watu nyuma ya kile kichuguu. Na wewe nenda."

"Afande, nibaki nikusaidie."

"Nenda, kaka. Hili limekaa vibaya."

Hakuwahi kuniita kaka kabla ya hapo. Nikaenda. Chini ya bomu lile adui alikuwa ametega jingine. Tulipotoka nyuma ya kichuguu, vumbi lilikuwa bado halijatua, na Luteni Nassoro alikwisha kufa.

Tukamsitiri, kisha tukamalizia njia. Wale mama wakateka maji, wengine wakilia kwa ajili ya mtu wasiyemjua jina.

Vita vilipokwisha nilikwenda Temeke. Mamake alinikaribisha ukumbini, akasikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu: "Siku hiyo alikuwa amekula?"

"Alikula, mama. Ndizi za kupika. Akalalamika hazina nazi."

Akacheka, ushungi ukiwa mdomoni, machozi yakimtoka.

Nimestaafu sasa, nakaa Boko. Malori ya saruji kutoka kiwanda cha Wazo hupita siku nzima, na kila kona pana nyumba inayoinuka. Mara nyingi hufikiri Nassoro angezeeka vipi. Naona angekuwa mzee mbishi, wa kugombana na mafundi kwa ajili ya nondo iliyopinda, na mie ningekaa pembeni kumtetea fundi, ili tu tubishane mpaka adhana ya magharibi.