Picha ya Bwana Shamba

Kulsumu hakupenda paka, na hilo mtaa mzima wa Katandala ulilijua. Ni mumewe, Bashiri, dereva wa lori la mahindi, aliyemwokota sokoni yule paka wa kijivu mwenye sikio lililochanika, akamwita Bwana Shamba kwa sababu kila asubuhi alizunguka akikagua magunia ya ulezi. Kulsumu alikuwa akimfukuza jikoni kwa mwiko na kuapa kwamba ipo siku atamtia kwenye gunia na kumpakia lori la kwenda Laela.

Basi Bashiri akapata ajali. Lori lilipinduka, mguu ukavunjika, akalazwa Mbeya. Kila dereva aliyetoka huko alileta swali lilelile: Bwana Shamba hajambo? Kulsumu akajibu hajambo. Bashiri hakuamini. Mwishowe rafiki yake Uledi akaleta maneno mazito: "Shemeji, anasema usimdanganye. Anajua paka ulishamtupa."

Siku ile Kulsumu alikuja kwangu macho mekundu. "Shemeji Zenon, miaka yote tuliyoishi, leo mume wangu ananiona mwongo kwa ajili ya paka! Njoo umpige picha. Sikio lionekane, la sivyo atasema ni paka wa jirani."

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha wa mtaa, na nasema bila haya kwamba nilikuwa hodari. Lakini ule ulikuwa wakati wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa, na madukani filamu hakuna. Nilikuwa nimewapiga mabalozi wa nyumba kumi mpaka nikabakiwa na picha moja tu. Taa ya kumulikia ndiyo sikuwa nayo kabisa. Watu niliwapiga nje, juani, wamesimama wima. Paka huyu ukimtoa nje anapanda paa. Ilibidi iwe ndani, kwa mwanga wa dirisha.

Nilipofika nikakuta Kulsumu amempaka paka mafuta ya nazi. "Si anapigwa picha?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua mambo. Ni kweli sote tulijipaka mafuta kabla ya picha, lakini mtu hajilambi. Bwana Shamba alijilamba bila hata kuinua kichwa.

Nikafungua dirisha la mbao. Mwanga ukaingia kwa upande, laini, mzuri ajabu. Nilifurahi peke yangu. Baridi nayo ikaingia. Ilikuwa Juni, na upepo wa Ufipa mwezi huo hauna mchezo. Paka akakimbilia jikoni kwenye moto. Tukamrudisha, akaondoka. Tukambembeleza kwa dagaa, akala dagaa, akaondoka. Nikifunga dirisha, giza, sikio halionekani. Nikaanza kufoka.

"Mpakate," nikamwambia Kulsumu. "Mfunike khanga, kichwa kibaki nje."

"Mimi? Na nguo hizi za jikoni? Sitaki kuonekana!"

"Basi Bashiri aendelee kukuita mwongo."

Akaketi dirishani. Paka akajikunja kwenye joto lake, akatulia, sikio lake likaelekea kwenye mwanga. Nikamwonya Kulsumu akaze uso, maana enzi hizo picha ilikuwa jambo la heshima, hakuna aliyetoa meno. Nikabana pumzi. Hapo Bwana Shamba, mafuta yake yamekwisha, akaanza kumlamba Kulsumu kidevu. Kulsumu akaangua kicheko, kichwa nyuma, na kidole changu kikabonyeza.

Kwangu mimi picha ilikuwa imeharibika. Niliisafisha nimenuna. Lakini sikio lilikuwepo, na Uledi akaondoka nayo kwenda Mbeya.

Aliporudi, Kulsumu alimdaka mlangoni, hata maji hakumpa. Mimi nilikuwepo, nimekuja kusikia lawama zangu.

"Amemwona paka?"

"Amemwona. Sikio amelikagua, ameridhika, anakuomba radhi. Lakini, shemeji, picha ameizungusha wodi nzima, na paka hamtaji tena. 'Huyu ndiye mke wangu,' anasema, 'huyu anayecheka.' Eti ananiuliza mimi kwa nini yeye hajawahi kumwona akicheka hivi."

Kulsumu akajifunika uso kwa khanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Mwambie apone," akasema, "aje aone mwenyewe."