Uso wa Yosefu Ukutani Makere

Enzi zetu pale Makere, mtoto alitambulika kwa magoti yake. Yakiwa mekundu, alikuwa anacheza gololi barabarani. Yakiwa meusi, basi ni mtoto wa kwetu, kwa Mama Adela mchoraji, ambako mkaa ulikuwa wa kuchorea kwanza na wa kupikia baadaye.

Mama hakununua rangi dukani. Nyeusi ilikuwa masizi ya chungu cha maharage, nyekundu udongo wa nyuma ya shule, na nyeupe ilikuwa udongo alioleta shangazi kutoka Kumsenga, amekaa juu ya gunia lake kwenye lori ili lisije likalowa. Vyote vilikorogwa kwa ute wa mayai, na viini tukala sisi mpaka tukavichukia. Wanangu wakisikia nilichoshwa na mayai wanadhani nilizaliwa ikulu.

Jumamosi uani kwetu palijaa. Wasusi wa vikapu walikuja na kazi zao, na Mzee Bukuru, mchonga ngoma wa Murungu, akija alikaa mpaka dagaa waishe. Walikosoana bila haya.

"Adela, ng'ombe wako huyu anacheka," Mzee Bukuru alisema siku moja.

"Amekuona wewe," Mama akajibu, wala hakuinua kichwa.

Lakini kazi inayonifanya nitembee kifua mbele mpaka leo ni ya ukuta wa kanisa letu. Kabla sisi hatujazaliwa, mkimbizi mmoja kutoka Burundi, jina lake Gervase, alichora pale Maria, Mtoto na Yosefu wakikimbilia Misri. Maria amefunga kitenge, Yosefu amejitwika mkeka, na nyuma yao vilima kama vyetu. Wazazi wetu wengi nao walikuwa wamevuka mpaka na mikeka kichwani. Ile picha hawakuhitaji kuelezwa.

Gervase alikuwa ameshafariki wakati mabati ya kanisa yalipoanza kuvuja. Kwaresima moja mvua ilishuka ukutani usiku kucha, asubuhi tukakuta uso wote wa Yosefu umebanduka. Na Pasaka tulikuwa tunamtarajia askofu.

"Tupake chokaa ukuta mzima," katekista alitangaza baada ya ibada. "Mgeni hawezi kupokelewa na Yosefu asiye na uso."

Mama, ambaye kanisani sauti yake ilisikika kwenye nyimbo tu, alisimama. "Nipeni mpaka Jumapili ya Matawi. Nikishindwa, hiyo chokaa nitaipaka mwenyewe."

Nyumbani hakula jioni ile. Kesho yake kikundi chote cha uani kilihamia kanisani. Mama alitufundisha kufinyanga tonge la ugali uliopoa na kuligusisha ukutani polepole, likatoka na moshi wa mishumaa wa miaka yote. Kaka yangu aliuliza kama tonge lililotumika linaliwa. Penye rangi iliyoanza kubanduka, Mama alipitisha unyoya wa kuku uliochovywa kwenye uji mwembamba wa muhogo, kisha akaigandamiza kwa kitambaa.

Ukabaki uso. Mzee Bukuru akamwambia achore mwanamume yeyote mzuri, yaishe. Mama akakataa.

"Ukuta huu ni wa Gervase. Mimi nimekuja kuutunza."

Akamwita Bibi Yasinta, mjane wa Gervase, akamkalisha kwenye benchi la mbele. Hapo ndipo tulipojua jambo ambalo bibi yule hakuwahi kumwambia mtu: Yosefu wa ukutani alikuwa mdogo wake Gervase, aliyebaki ng'ambo ya mto wa mpakani siku waliyokimbia, wasimwone tena.

Mama akachora kwa mkaa. Bibi akatikisa kichwa. Akafuta, akachora tena.

"Muongezee ndevu," Mzee Bukuru alisema. "Yosefu ni mtu mzima."

"Hakuwa na ndevu," Bibi Yasinta akasema taratibu. "Alikuwa kijana."

Mzee Bukuru akavua kofia, na hakutoa ushauri tena.

Kazi ile ilikula siku kadhaa. Mwishowe alasiri moja Mama alishusha kidogo shavu la Yosefu, akasogea pembeni. Bibi Yasinta akainuka, mkono mdomoni. "Ego, ndiyo," alisema. "Ni yeye." Akausogelea ukuta, akamsalimia kwa Kirundi na kumuuliza habari za safari, kama mtu aliyeingia mlangoni muda uleule. Katekista alibeba ndoo yake ya chokaa, akaenda kupaka mawe ya nje.

Pasaka askofu alisimama mbele ya picha muda mrefu, akauliza ni kazi ya nani. "Ya Gervase," Mama akajibu haraka. Lakini kanisa zima lilikuwa limeshageuka kumwangalia yeye, na mimi nilikaa wima kuliko siku zote za maisha yangu.

Siku hizi uani kwetu Jumamosi ni kimya. Vijana wanachapisha mabango Kasulu mjini kabla chai haijapoa, na sura wanazirekebisha kwa kidole kwenye simu, kila mtu akatoka na ngozi moja. Ukuta bado upo. Maharusi hupiga picha mbele yake, wengine ni wajukuu wa wale waliovuka mto, na hawajui kijana aliyesimama nyuma yao ni nani. Basi nikiwepo huwasogelea, nikawaambia: huyo ni shemeji wa Bibi Yasinta, na aliyemvusha mto, kwa mkaa wake, ni mama yangu.